Maleba ya Kivita na Uwanja wa Kutendea: Uhakiki wa Dirii, Ngao na Maji kati ya Kilosa na Mikumi

Maleba yamepewa nafasi finyu katika uhakiki wa sanaa za maonyesho kwa Kiswahili. Tasnifu nyingi huchambua dhamira, wahusika, migogoro na matumizi ya lugha kwa kurasa nyingi, kisha maleba hutajwa kwa sentensi mbili tatu chini ya kichwa cha vipengele vingine vya fani. Sababu yake si ngumu kuiona. Mhakiki wa tamthiliya kwa kawaida huwa ameshika kitabu, na kitabuni mwigizaji hana mwili: hatoki jasho, ngao haimchoshi mkono, wala kofia ya vita haimwangukii machoni katikati ya mazungumzo.

Muhando na Balisidya (1976), walipotafuta namna ya kuzifafanua sanaa za maonyesho bila kuzipima kwa mizani ya jukwaa la Ulaya, walitaja mambo manne ambayo sharti yakutane: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Ufafanuzi huo umerudiwa katika vitabu vya kiada kwa takriban miaka hamsini na bado una nguvu. Hata hivyo, maleba hayamo ndani yake. Yamemezwa na mtendaji, kana kwamba mtendaji huzaliwa nayo. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba maleba ya kivita, yaani yale yanayoigiza silaha za kujikinga, hayawezi kumezwa kwa urahisi huo, kwa sababu maana yake haitoki kwa aliyeyavaa peke yake. Hutoka zaidi katika kile ambacho waandishi hao wawili walikiita uwanja. Vazi lilelile, likihamishwa mwendo wa saa mbili kwa basi, huweza kuwa kitu kingine kabisa.

Eneo linalotumika kuipima hoja hiyo ni wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ambamo mji wa Mikumi nao umo. Penina Muhando mwenyewe alizaliwa Berega, katika wilaya hiyohiyo, mwaka 1948. Jambo hilo halithibitishi chochote kinadharia, lakini linafaa kukumbukwa: nadharia inayojadiliwa haikuja Kilosa kutoka mbali.

Maneno yaliyotangulia vitu

Kiswahili kina msamiati mzuri wa silaha za kujikinga. Deraya ni vazi la chuma la vitani. Dirii ni kinga ya kifua. Chepeo, ambayo katika Biblia huandikwa chapeo, ni kofia ya vita. Ngao haihitaji maelezo. Maneno haya yanaishi katika nyumba mbili. Ya kwanza ni tenzi za vita za pwani, kama Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, zinazosimulia vita vya Waislamu wa mwanzo, ambako mashujaa huvaa chuma na kupanda farasi. Ya pili ni Biblia ya Kiswahili, hasa sura ya sita ya Waraka kwa Waefeso, ambako mwamini huagizwa kuvaa silaha za kiroho kuanzia kichwani hadi miguuni.

La kuzingatia ni kwamba katika nyumba zote mbili maneno yalikuja kabla ya vitu, na kwa sehemu kubwa vitu havikuja kabisa. Mshairi wa Pate aliweza kuisifu deraya bila fundi wa mtaani kwake kuwahi kuifua. Mwinjilisti aliweza kuihubiri dirii katika kanisa la kijijini ambako hapana aliyewahi kuigusa. Kwa msemaji wa kawaida wa Kiswahili, deraya imekuwa neno la kusikika tangu mwanzo. Ilipopata umbo, ilipata umbo la kuigiza. Katika igizo la Pasaka, kijana anayekuwa askari wa Kirumi huvaa dirii ya boksi la karatasi ngumu, lililokatwa, likatobolewa, likafungwa kwa kamba mabegani na kupakwa rangi ya fedha. Kwa watazamaji wengi hiyo siyo nakala ya dirii waliyoiona mahali pengine. Ndiyo dirii ya kwanza kuiona kwa macho.

Kwa hiyo hukumu ya haraka inayotolewa dhidi ya maleba ya namna hii, kwamba ni uigaji hafifu wa kitu halisi cha wengine, haiwezi kupokewa bila kuchujwa. Uigaji hafifu unahitaji kuwapo kitu halisi ambacho mtazamaji anakijua na kukilinganisha. Mahali ambapo kitu hicho hakijawahi kuwapo, boksi lililopakwa rangi linafanya kazi kubwa kuliko kuiga: linalipa neno mwili.

Deraya ya sponji

Katika miongo ya karibuni umezuka utanzu wa maonyesho ambao umelifanya tendo la kutengeneza deraya kuwa sanaa kamili. Nao ni kosplei, neno ambalo Wajapani walilifupisha katika miaka ya 1980 kutokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya maleba na mchezo. Mshiriki huvaa kama mhusika wa katuni, filamu au mchezo wa kompyuta, akaenda kwenye kongamano, akapigwa picha, akashindanishwa. Mzizi wake ni wa kale kuliko jina. Mwaka 1939, katika kongamano la kwanza la kimataifa la wapenzi wa hadithi za kisayansi mjini New York, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas walifika wamevaa mavazi ya watu wa wakati ujao. Mavazi hayo yalishonwa na Douglas. Kwa miaka mingi sifa zilimwendea zaidi Ackerman, na hili si jambo dogo kwa uhakiki: tangu siku ya kwanza utanzu huu umemtukuza mvaaji na kumsahau fundi, ilhali katika kosplei bora fundi na mvaaji ni mtu mmoja, na kazi yake ya miezi ndiyo onyesho lenyewe, si dakika chache za kupita mbele ya waamuzi.

Katika Afrika Mashariki utanzu huu umeota zaidi Nairobi, kwenye makongamano kama NAICCON na Otamatsuri. Malighafi kuu ya deraya zake, kama kwingineko duniani, ni sponji ngumu na nyepesi ambayo kila mtu wa ukanda huu anaijua kwa miguu yake, kwa kuwa ni ya jamii ileile inayotengenezewa ndala. Fundi huanza kwa kumfunika mvaaji kwa karatasi au gazeti na kuchora juu yake mistari ya viungo, kisha huikata karatasi hiyo ili kupata kipande bapa kwa kila sehemu ya mwili. Vipande huhamishiwa kwenye sponji na kukatwa kwa wembe uliolazwa, kwani ukingo uliokatwa wima hauwezi kukutana na mwenzake kwenye kona. Sponji ikipata joto hulainika, vitundu vya uso wake hufunga, na ikikunjwa juu ya goti au sufuria ikapoa hapo hubaki na umbo hilo. Gundi ya mafundi viatu hupakwa pande zote mbili na kuachwa hadi ikaribie kukauka, ndipo pande hugandamizwa. Mwenye haraka akiziunganisha mbichi, mshono hufumuka siku ya onyesho. Mwisho uso huzibwa kwa gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, safu juu ya safu, ili rangi isinywewe na sponji.

Maelezo haya ya ufundi yamewekwa kwa makusudi. Kigezo cha kwanza cha kuihakiki deraya ya kuigiza ni namna inavyoshughulika na mwili ulio ndani yake. Deraya ya chuma ilibuniwa kwa ajili ya pigo la adui. Deraya ya sponji imebuniwa kwa ajili ya kamera, na adui wake halisi ni joto. Kilosa, mji ulio katika bonde chini ya milima, si mahali pa kumfunga mtu sponji kifuani na mgongoni bila kumwachia njia za hewa. Fundi anayejua kazi huacha nafasi kwapani na ubavuni, mahali ambapo macho ya mtazamaji hayaendi. Asiyejua hutengeneza deraya inayopendeza ukutani lakini haivaliki kwa nusu saa. Ya pili, hata ikipata sifa katika picha, haijakamilika kama maleba, ni sanamu.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya Nairobi na Tokyo, na kwamba kuyaleta Kilosa ni kulazimisha. Pingamizi hilo lina uzito kidogo tu. Fundi anayekaa pembeni mwa barabara akikata tairi la gari na kulifanya katambuga anatenda lilelile: anachukua mali ya kiwanda iliyokusudiwa jambo jingine, anaisoma kwa mguu wa mteja, anaikata bila michoro ya kupimia, na kuipa mwili kazi mpya. Katambuga zilivaliwa na wafugaji wa Kimaasai kiasi cha kuwa alama yao, ingawa hapana tairi lililoota katika nchi ya Wamaasai. Nchini Kenya kampuni ya Ocean Sole hukusanya ndala zilizotupwa ufukweni na kuchonga kutokana nazo sanamu za tembo na twiga. Mikono na malighafi vyote vipo. Kinachobaki kuulizwa ni umbo gani mikono hiyo italipa sponji, na mbele ya nani.

Ishara ya ishara

Petr Bogatyrev, mwanasemiotiki wa kundi la Prague, katika uchunguzi wake wa mavazi ya wakulima wa Moravia (1937), alionyesha kwamba vazi ni kitu na ni ishara kwa wakati mmoja. Koti linakinga baridi, na pia linatangaza kwamba aliyelivaa ameoa, ni tajiri, au ni wa kijiji fulani. Baadaye, alipoandika kuhusu maigizo ya kijadi, aliongeza kwamba jukwaani maleba mara nyingi hayawi ishara ya kitu, bali ishara ya ishara: joho la mfalme halionyeshi joho, linaonyesha kile ambacho joho lilikuwa tayari linakionyesha.

Mnyororo huo umerefuka mno katika deraya zilizoenea zaidi miongoni mwa vijana wa Kiafrika tangu mwaka 2018, yaani zile za filamu ya Black Panther iliyoongozwa na Ryan Coogler. Mbunifu wake wa mavazi, Ruth E. Carter, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2019. Kwa walinzi wa kike wa mfalme, wanaoitwa Dora Milaje, alitumia rangi nyekundu na kazi ya shanga vyenye asili ya Kimaasai, pamoja na pete za shingoni zinazokumbusha mavazi ya Wandebele. Kijana wa Nairobi anayeiga deraya hiyo kwa sponji anaunda ishara ya deraya ya filamu, ambayo ni ishara ya shanga, ambazo nazo mwilini mwa Mmaasai zilikuwa tayari ishara ya umri, ndoa na hadhi.

Uhakiki wetu umezoea kulihukumu jambo kama hili kwa neno moja: kasumba. Hukumu hiyo hapa haitoshi, na kwa kiasi fulani ni ya kivivu. Shanga za kioo zenyewe zilikuja kwa wafanyabiashara, nyingi zikiwa zimetengenezwa Bohemia, nchi jirani na Moravia ya Bogatyrev. Wanawake wa Kimaasai wakazichukua, wakazipa sarufi ya rangi isiyojulikana na waliozitengeneza, na leo hapana anayethubutu kuziita za kigeni. Kama kioo cha Bohemia kiliweza kuwa cha Kimaasai, hapana sababu ya kimsingi ya kukana kwamba sponji ya ndala inaweza siku moja kuwa ya mtu fulani. Tatizo la deraya za Wakanda si kwamba zimeazimwa. Ni kwamba zimechukua pambo na kuacha sarufi. Ushanga unaosema kwamba mwanamke fulani ana mtoto aliyetahiriwa unakuwa urembo wa bega la askari, na anayeuiga kwa sponji anaiga urembo huo bila kujua kwamba kulikuwa na maneno.

Ngao moja, viwanja viwili

Hapo ndipo ngao inapohitaji kusomwa kwa makini zaidi. Ngao ya Kimaasai ilitengenezwa kwa ngozi, aghalabu ya nyati, ikavutwa juu ya fremu ya mti na kuchorwa kwa nyekundu, nyeupe na nyeusi. Michoro hiyo, inayoitwa sirata, ilitambulisha rika na sehemu ya jamii ambayo moran alitoka. Ilikuwa kitambulisho kilichosomeka kutoka mbali, na adui alijua anapigana na nani kabla hajaona uso. Leo ngao ya namna hiyo haitengenezeki kwa urahisi. Nyati yuko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na ngozi yake ni nyara inayohitaji kibali. Kwa hiyo ngao zinazoonekana kwenye maduka ya vinyago ni za ngozi ya ng'ombe au mbuzi, na michoro yake mara nyingi haitambulishi rika lolote. Hizo nazo, kwa maana kamili, ni maleba.

Huku ngao yenyewe ikitoweka, picha yake imesambaa. Iko katikati ya bendera ya Kenya. Nembo ya Taifa ya Tanzania nayo imejengwa juu ya ngao inayoshikwa na mwanamume na mwanamke. Kutokana na matumizi hayo ya kitaifa, ngao ya umbo la yai refu imegeuka kuwa alama ya Uafrika kwa jumla, kitu ambacho mwelekezi yeyote wa maigizo ya shule humkabidhi mwigizaji anayetakiwa aonekane ni shujaa wa zamani.

Mikumi ni uwanja ambao alama hiyo inapokewa bila swali. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa hupita ndani yake. Katika mji wa namna hii, uliozoea wageni wanaokuja kutazama wanyama na kuondoka, mtu aliyevaa lubega nyekundu akiwa na mkuki na ngao ni sehemu ya onyesho ambalo kila mmoja anajua kanuni zake. Mgeni hupiga picha na mvaaji hupata chochote. Ngao hapo ni ishara ya Afrika, na hapana aliye hatarini. Mtu anaweza kuikosoa biashara hiyo kwa kuwageuza watu kuwa mandhari, na lawama hiyo ni halali, lakini kama onyesho linasomeka: dhana, mtendaji, uwanja na watazamaji vyote vimekubaliana.

Ukitoka hapo kuelekea kaskazini, kwa mwendo usiofika kilomita 100, unaingia uwanja mwingine. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, wanakijiji 38 waliuawa katika shambulio la wafugaji. Benjaminsen, Maganga na Abdallah (2009), waliochunguza tukio hilo, wanakataa kulieleza kama uhasama wa asili kati ya makabila. Wanaonyesha namna sera za ardhi zilivyowapunguzia wafugaji wa Kiparakuyo na Kimaasai malisho na njia za kufikia maji, na namna rushwa ilivyowafanya watu wa pande zote mbili wapoteze imani na vyombo vilivyopaswa kuwaamua. Wafugaji hao hawakuwa wageni wa juzi. Wana vijiji vyao wilayani, Twatwatwa kikiwa kimojawapo, na wamebeba lawama ya pamoja kwa tendo ambalo wengi wao hawakulitenda.

Katika uwanja huo, ngao na mkuki mikononi mwa kijana aliyevaa lubega haviwezi kuwa ishara ya Afrika kwa jumla. Sarufi ambayo Wakanda waliiacha inarudi kwa nguvu, ila si ile ya sirata. Ni sarufi mpya, iliyoandikwa na historia ya karibuni, na kila mtazamaji mwenye umri wa kutosha anaisoma papo hapo. Mkulima anaona jambo moja. Mfugaji anaona jambo jingine: anaona vazi lake la kila siku limefanywa vazi la muuaji wa mchezoni. Kwamba ngao ni ya sponji au boksi hakupunguzi kitu. Pengine kunaongeza, kwa sababu silaha ya kweli ingezuiliwa mlangoni, ilhali maleba hupita.

Bogatyrev hakulifikiria hali hii. Kwake, kupanda jukwaani hulivua vazi ukali wake na kulifanya ishara ya daraja la pili. Kilosa inaonyesha kwamba safari hiyo inaweza kwenda kinyume: maleba yanaweza kuanza kama ishara ya ishara, na uwanja ukayarudisha kuwa ishara ya kitu. Ufafanuzi wa Muhando na Balisidya unalieleza jambo hili vizuri zaidi, mradi uwanja usisomwe kama nafasi tupu ya kusimama. Uwanja una kumbukumbu. Wasomaji wengi wa kitabu chao wamelifanya neno hilo kuwa mahali tu: kiwanja, ukumbi, chini ya mwembe. Ufinyu huo wa usomaji ndio uliofanya maleba yakose mahali pa kuchambuliwa, maana maleba na kumbukumbu ya uwanja huamuana.

Kinga isiyo na umbo

Tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) inalipeleka suala hili mbali zaidi, kwa kuwa kiini chake ni silaha ya kujikinga ambayo haivaliki. Vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905, wapiganaji walipewa maji ya dawa yaliyoaminika kwamba yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Vita hivyo vilianzia Umatumbi, vikaenea kusini na magharibi, na Uvidunda, kwenye milima iliyo jirani na Mikumi, nako hakukupona. Tarehe 30 Agosti 1905, huko Mahenge, maelfu ya watu waliikabili ngome yenye bunduki za rashasha wakiwa na kinga hiyo tu.

Hussein hakuandika tamthiliya ya ushirikina ulioshindwa. Kinjeketile wake anajua, kabla ya wengine, kwamba maji yamefanya kazi moja kubwa, kuwaunganisha watu, na kwamba kazi ya pili waliyoitarajia haina uhakika. Kitunda, anayewafunza wapiganaji, anabeba shaka ya askari anayejua silaha ni nini. Mgogoro wa tamthiliya umo katika pengo hilo kati ya ishara na kitu: watu wanataka kuitumia kama deraya ishara ambayo iliwafaa kama bendera. Mwishoni Kinjeketile anakataa kutamka kwamba maji ni uongo, kwa hofu kwamba adui angeitumia kauli hiyo kuua na ule ukweli uliokuwa ndani yake.

Kwa mtengeneza maleba, tamthiliya hii ni mtihani wa pekee. Dirii ya Kirumi hukatwa kwenye boksi. Deraya ya Wakanda hukunjwa kwa sponji. Maji hayakatwi wala hayakunjwi. Ishara kuu ya kimaleba katika simulizi ya Kinjeketile ni ya kukosekana: aliingia mtoni akatoka mkavu. Nguo kavu mwilini mwa mtu aliyetoka majini ndiyo kinga yote inayoonekana, na watazamaji hawana budi kuiamini kwa kuwaona wahusika wengine wakimgusa na kushangaa. Mwelekezi anayemlowesha mwigizaji ili kuongeza uhalisi ameua tendo hilo, na anayempaka rangi za kumetameta ili aonekane ana nguvu ameliua mara mbili.

Kishawishi kikubwa zaidi huja katika mandhari ya mazoezi ya vita. Hapo mwelekezi hutafuta kitu cha kuwapa waigizaji mikononi ili wafanane na jeshi, na kitu kilicho karibu ni ile ngao ya umbo la yai refu, kwa kuwa ndiyo inayotambulika kuwa ya Kiafrika. Mikumi, mbele ya watazamaji waliozoea alama za kitalii, kosa hilo lingepita kama urembo, ingawa lingebaki kuwa kosa la kihistoria, maana waliopigana Majimaji hawakuwa Wamaasai. Kilosa lingekuwa na uzito mwingine. Wahusika wa Hussein ni wakulima wanaolazimishwa kulima pamba ya Mjerumani. Kuwakabidhi wakulima hao ngao ya mfugaji, mbele ya hadhira ambayo ndani yake wamo waliopoteza ndugu Rudewa Mbuyuni na wamo pia wana wa Twatwatwa, ni kuandika juu ya tamthiliya hiyo tamthiliya nyingine ambayo mwelekezi hakuikusudia na hawezi kuidhibiti. Umoja wa makabila, ambao ndio ushindi pekee wa Kinjeketile, ungevunjwa na kipande cha boksi kabla ya mhusika yeyote kufungua kinywa.

Tamthiliya yenyewe haihitaji ngao. Kwa historia na kwa mantiki ya kazi ya Hussein, mpiganaji wa Majimaji anayeshika ngao tayari anakiri kwamba hayaamini maji. Kama kuna mahali pa kuiweka ngao, ni kwa Kitunda, mwenye shaka, tena katika mandhari ya mazoezi tu. Na ikiwa hivyo, umbo lake lisiwe lile refu, bali la duara na lisilo na mchoro wowote, ili uwanja usiwe na cha kusoma ndani yake. Wengine wote mikono yao ya kushoto ibaki mitupu. Kibuyu kimoja cha maji kikipitishwa kutoka kwa mtu hadi mtu kinatosha, na kazi ya fundi wa maleba siku hiyo ni kuhakikisha kwamba kibuyu hakivuji.